Mrumba Uliokutwa Uchi

Enyi wa leo!

"Tuambie, wa jana!"

Sogeeni basi, na wewe wa mlangoni ingia, usiniletee baridi. Ilikuwa zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu. Watu wa vilima vya magharibi mwa ziwa kubwa walikuwa hawajaiona pamba. Walivaa miti.

Mnacheka? Walivaa miti! Kulikuwa na mti ukiitwa mrumba. Mtu aliamka na umande, akachanja gome juu, akachanja chini, akalibandua zima, kama mama anavyomvua mtoto kanzu. Akaliponda kwa nyundo ya mti, akaliponda, akaliponda, mpaka likawa nguo laini. Na mrumba haukufa. Uliota ngozi mpya, na baada ya mwaka ukavuliwa tena.

Lakini ulikuwa na sheria yake. "Auvuaye mti auvike majani mabichi ya mgomba kabla jua halijafika utosini. Asiyeuvika majani, auvike nguo yake." Watoto waliiimba, na wakifika kwenye nguo wakaangua kicheko. Wakubwa nao walicheka. Walidhani maneno hayo yamewekwa kumwaibisha mzembe. Nani angekosa jani la mgomba katika nchi ya migomba?

Sasa palikuwa na mjane, Kokugonza. Mrumba wake ulikuwa mmoja tu, na mumewe Rwegasira ndiye aliyeupanda mwaka waliooana. Rwegasira alikufa, mti ukabaki. Kila jioni Kokugonza aliushika shina akasema, "Umeshindaje, bwana?" Majirani walimcheka, yeye akaendelea kuusalimu.

Jioni moja ikanyesha mvua ya mawe. Wajukuu, mawe! Yaliipiga migomba mpaka kila jani likachanika nyuzi nyuzi. Asubuhi Kokugonza akatoka kuona kilichosalia shambani. Akatazama, akafumba macho, akatazama tena.

Mti ulikuwa uchi.

Tangu chini hadi panapoanza matawi, ulikuwa mweupe, umelowa, utomvu ukichuruzika. Gome hakuna. Majani hakuna.

"Uuuwi! Jamani! Mti wangu uko uchi!"

Watu walikuja mbio. Wanawake walishika vichwa, wanaume walisimama midomo wazi. Tangu vilima viwe vilima, hakuna aliyewahi kuona mrumba umeachwa hivyo. Mzee mmoja aligeuza uso, kana kwamba amemfumania mkwewe anaoga.

"Nani kafanya hivi?" akauliza Kaijage, mzee aliyeijua sheria kuliko wote. "Atafutwe! Avuliwe nguo mbele yetu!"

"Atakuwa wa ng'ambo ya mto," mmoja akasema.

"Ng'ambo ya mto hata nyundo hawajui kushika! Wewe jana ulikuwa wapi?"

"Mimi? Na mgongo huu?"

Wakabishana, wakanyoosheana vidole. Na jua likapanda. Kokugonza akaweka kiganja kwenye shina. Asubuhi lilikuwa limelowa. Sasa lilikuwa linanata. Upande wa jua, wajukuu zangu, lilikuwa limeanza kukauka.

"Nyamazeni!" akasema. "Mnamtafuta mtu, na mti unakufa."

Akafungua nguo yake.

"Kokugonza! Una wazimu?" Kaijage akafunika macho. "Sheria inamtaka mkosaji!"

"Baba Kaijage, itamke tena. Wapi imesema mkosaji?"

Kaijage akaanza, "Asiyeuvika majani..." Akainua macho kwenye ile migomba iliyochanika. Miaka sitini ameikariri, na siku ile ndipo alipoisikia: nguo ni kwa siku ya kukosa majani.

Kokugonza alibaki na rinda lake la nyasi, akaufunga mti nguo yake. Haikutosha. Ilifika kiunoni mwa mti, ikaishia hapo. Akawatazama watu. Watu wakatazama chini.

Ndipo pembe ikalia, na Mkama akaja. Mkama Kabyemera, mtawala wa vilima vyote! Alikuwa amesikia yowe. Nyuma yake walikuwapo vijana wawili, na mabegani mwao gome bichi limeviringishwa.

"Gome nimelichukua mimi," akasema Mkama. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. "Mama yangu amefariki alfajiri. Hakuna nguo mpya ya kumzikia. Nikawaambia waende upesi, walete gome la mti ulio karibu."

"Tulitafuta majani, Mkama," kijana mmoja akasema. "Tuliona nyuzi tu. Tukasema tutarudi."



"Pole kwa msiba, Mkama," akasema Kokugonza. "Mama yako amelala ndani hana nguo. Bwana wangu naye amesimama nje hana nguo, na jua halijui msiba."

Mkama akautazama mti. Akautazama mkono wa yule mjane uliokuwa umeshikilia nguo isianguke. Kisha, wajukuu, akafungua nguo yake! Mkama, ambaye hakuna mtu aliyewahi kuona bega lake! Watu walianguka kifudifudi. Akatembea na kipande cha ngozi kiunoni, akaufunga mti kwa mikono yake mwenyewe.

Baada ya hapo nani angebaki amevaa? Kaijage alitoa yake, majirani wakatoa zao, na jua lilipofika utosini mrumba ulikuwa umevikwa kama bibi harusi, watu wote wakiwa na nyasi na aibu.

Mama wa Mkama alizikwa kwa heshima katika gome lile. Mti ukaota ngozi mpya. Si kote. Upande wa jua, pale palipokauka walipokuwa wakibishana, ulibaki ukanda mkavu, upana wa kiganja. Kila jioni Kokugonza alishika hapo hapo, akasema, "Umeshindaje, bwana?" Hakuna aliyemcheka tena.

Nami simlaumu Mkama, wala vijana wale. Lakini mkikuta sheria ya mti, wajukuu, msiulize kwanza itamwaibisha nani. Ulizeni inaukinga mti na nini, na jua limefika wapi.

Wa jana walinibebesha, nami nimewatwika. Enyi wa leo!

"Tumepokea, wa jana!"