Mlinzi Mwenye Kazi Mbili

Hadithi hii aliitoa kwanza mjomba wangu Mbazi, mhudumu wa maabara, hapa Same, Jumapili ya kwanza ya Juni 1996. Mama yangu, Naelijwa, dada yake, alikuwa amerudi kutoka hospitali na karatasi ya kujaza: aendelee na dawa ya ini, au aache.

Hapo zamani, alisema mjomba, ndani ya ini la mwanamke mmoja aliishi mlinzi aitwaye Protini. Alikuwa na kazi mbili. Seli akiharibika, Protini alimwambia, "Jikunje ufe," naye alijikunja akafa, majirani wakala mabaki. Hapakuwa na matanga wala hotuba. Seli akiwa na njaa, Protini alimlisha, akamshona palipochanika.

Siku moja akamkuta Seli ambaye ameharibika na pia ana njaa.

"Shikamoo, mzee," akasema Seli, kwa adabu ambayo waovu hawaikosi kamwe.

"Marahaba. Nimekuja kukuambia ufe."

"Tumbo tupu hivi? Kwenu hakuna makande?"

Protini aliheshimu utaratibu kuliko akili. Akamlisha. Seli akashiba, akajigawa: wawili, wanne, wanane. Kila Protini alipokuja kuwaua, aliwakuta na njaa. Kila alipowakuta na njaa, aliwalisha. Mtumishi wa mfano!

Ini likavimba. Hospitali ikamleta Dawa. Dawa hakuuliza neno, akamfunga Protini mikono. Wale wanane na wajukuu zao wakakosa chakula, wakaanza kufa. Vigelegele! Ila upande wa ini uliokuwa na afya seli wengine wakaharibika, na hapakuwa na wa kuwaambia wajikunje. Nao wakaanza kujigawa, bila haraka.

Mwenye ini akawaita wote watatu. "Nina nguvu ya kumfukuza mmoja tu. Semeni."

Protini akasema, "Mama, nilipewa kazi mbili, nikazifanya zote mbili. Kosa langu ni bidii?"

Seli akasema, "Mimi nilikataa kufa, basi. Mbona wewe mama unakataa kila siku na watu wanakuombea?"

Dawa akasema, "Hawa walikuwa wanapikiana humu ndani. Mimi nimekuja juzi, nimefanya kazi, sasa mimi ndiye mbaya?"

Hapo mama yangu alicheka mpaka akashika ubavu. "Kaka, wewe wa maabara, miaka yote hiyo unachungulia vioo, hujui jibu?"

"Ningelijua, dada, ningekuletea hadithi?"

Mama akavuta karatasi, akaandika kwamba anaacha. Alimfukuza Dawa.

Alifariki Novemba 1997. Daktari aliyempa karatasi naye ametangulia. Mjomba Mbazi yu hai, ana miaka themanini na sita, na mgeni yeyote akiketi, yeye humsimulia hadithi hii, kisha humuuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuliwazwa: Je, kati ya wale watatu, nani alistahili kufukuzwa?