Ndoo ya Kwanza Miguuni pa Sultani

Palikuwa na Sultani, jina lake Badrani, ambaye siku moja aliamka akaona hata mvua ni mali yake. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Mpiga mbiu akazunguka mji mzima wa Kiwamba: kila tone linaloanguka ndani ya mji ni la Sultani, liende kwenye birika la jumba lake, likawanyweshe farasi wake. Marufuku mtu kukinga hata kikombe chini ya paa lake mwenyewe.

Hakutosheka. Akaagiza kifusi kimwagwe kwenye matete ya kando ya mto, pale mafuriko yalipozoea kupumzika, akajenga juu yake uwanja wa farasi na ukuta mrefu.

Sasa, mtaa wa bondeni alikaa mjane mmoja, Mize binti Makame, mfua nguo za watu. Maji ya mvua kwake ndiyo kazi yenyewe. Sabuni huyapenda, povu hupanda mpaka kiwiko. Alikuwa na mitungi minne chini ya paa. Askari wakaivunja yote minne, na Waziri Kombo akamnyooshea kidole.

"Ukichukua tena tone moja la Bwana Mkubwa, tunavunja na nyumba."

"Na likinifuata lenyewe ndani?"

"Kitu cha Sultani ukikikuta kwako, sheria unaijua."

Mize aliijua. Nani asiijue? Kitu cha Sultani kikiokotwa, kiwe kuku, kiwe kiatu, aliyekiokota akipeleke mwenyewe barazani, akiweke miguuni pa Sultani kabla jua halijazama. Akikificha au akikitupa, nyumba yake inabomolewa. Na Mize alikuwa na nyumba hiyo tu, aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Masika ikaja. Siku tatu mfululizo. Miaka yote maji yalikuwa yakigawana njia: mengine mitungini, mengine kwenye matete, na mtoni yanafika yamepoa. Safari hii hakuna mitungi, hakuna matete. Yakashuka barabarani kwa kishindo, yakagonga ukuta wa farasi, yakakata kona, moja kwa moja bondeni.

Asubuhi Mize alisimama sebuleni, maji magotini, kapu la nguo za wateja linaelea, kuku amepanda kitandani. Akawasikia majirani wakilia. Naye machozi yalikuwa karibu. Mara akakumbuka kidole cha Kombo, akaangua kicheko.

"Jamani, acheni kulia!" akapaza sauti dirishani. "Tumeokota mali ya Sultani! Leteni ndoo!"

Sultani alikuwa juu ya zulia jipya, anakunywa kahawa. Mize akaingia, tope mpaka mapajani, ndoo kichwani.

"Nini hicho?"

"Mali yako, Bwana Mkubwa. Imeingia kwangu bila hodi. Nairudisha."

Shwaa! Miguuni pake.

Sultani akaruka, kikombe huku, kilemba kule. "We mwanamke una wazimu? Haya ni matope!"

"Yalipoanguka yalikuwa safi. Yamechafuka yakiwa yako, si yangu."

"Ungeyamwaga nje!"

"Nitupe mali ya Sultani? Nina nyumba moja tu, bwana wangu."

"Kombo! Sheria inasemaje?"

Kombo akatazama dari. "Inasema… miguuni pako, Bwana Mkubwa."

"Kabla jua halijazama," Mize akamkumbusha.

"Haya, nimekusamehe! Ndoo moja inatosha. Nenda."

"Hii moja ni ya jikoni. Nimebakiza chumba kizima. Na mtaa wetu una nyumba mia."

Sultani akachungulia. Foleni ilianzia ngazini ikaishia sokoni: wazee, akina mama, kila mmoja na ndoo, sufuria, karai.

"Basi! Basi! Mvua si yangu tena! Kuanzia leo kingeni, ogeni, fueni, ni yenu!"

Vigelegele vikapasuka ngazi nzima. Kombo akamwonyesha Mize mlango. Mize hakuondoka.

"Ahsante, Bwana Mkubwa. Na ukuta?"

"Ukuta gani?"

"Wa farasi. Maji yanautafuta mto, hayauoni. Bomoa ukuta, zoa kifusi, turudishe matete."

"Thubutu! Na farasi wangu wakakae wapi?"

"Farasi ukimwambia ahame, anahama. Mto umeuambia uhame, umehamia kwangu."

Wazee ngazini wakaficha midomo kwa viganja. Sultani akavimba shingo.

"Ukuta ule hauguswi! Na nikikataa, wewe mfua nguo utanifanya nini?"

"Mimi? Nikufanye nini, Bwana Mkubwa? Mvua ya leo ni yetu, umesema mwenyewe. Ila ya jana na juzi ilianguka ikiwa yako, na jua bado liko juu." Mize akajitwika ndoo yake tupu, akasogea pembeni kuwapisha wenzake. "Inua miguu tu. Mimi nimekuletea yaliyopita jikoni. Hawa wanaopanda sasa, kwao yamepitia chooni."