Sauti Iliyosafishwa

"Safisha ya mwenyewe si safisha ya fundi." Mnacheka! Mwenzenu Lusungu kamwambia kinyozi ampunguze nywele, kinyozi kamtoa kipara, muuza maandazi kamtupia methali hiyo, na wote mmerudi nyumbani mmeshika mbavu. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka humu humu, kwa babu yenu, na mimi shangazi yenu sijaweza kuicheka mpaka leo. Endeleeni kuchambua maharage, masikio nipeni mimi.

Chanzo chake ni hiki. Babu yenu, Mwalimu Ngailo, alikuwa na sauti. Akiita jina la mtoro darasani, mtoro aliitikia akiwa sokoni. Kisha koo likaanza kumsumbua, na madaktari wakasema lazima afanyiwe upasuaji, na baada ya hapo hatasema tena. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshachumbiwa. Katika ukoo wetu baba ndiye humtamkia binti maneno ya kumtoa nyumbani, mbele ya watu, na hayatamkwi na mwingine, awe mjomba au mchungaji, wala hayaandikwi. Basi kabla ya kwenda hospitali alijifungia chumbani na kompyuta kuukuu aliyopewa na shule alipostaafu, akayarekodi maneno ya kunitoa mimi.

Nilipomwomba niyasikilize alinikatalia. "Utayasikia siku yako," alisema.

Alirudi kutoka hospitali hana sauti. Sherehe ilipokaribia, ile kompyuta ikawa nzito, ukibonyeza leo inafunguka kesho, na matangazo ya ajabu yanarukaruka kwenye kioo. Nikaogopa isije ikatuaibisha ukumbini. Nikaipeleka kwa fundi mmoja pale stendi ya Makambako, jina lake Mahenge, kijana wa shati lililonyooka na maneno mengi.

"Fundi, nisafishie hii," nikamwambia. "Imejaa virusi."

"Ondoa shaka, dada. Utaikuta kama mpya."

Nilisema nisafishie, basi. Wapo wanaosema kosa lilikuwa langu, eti ningemweleza kilichomo. Nakataa! Nikikupa sufuria yenye mboga unisugulie masizi, utaimwaga mboga? Mimi sikujua kwamba kompyuta inaweza kufutwa yote. Yeye alijua, na anayejua ndiye mwenye kazi ya kuuliza.

Siku ya kuichukua nilikwenda na baba. Fundi akaiwasha, ikawaka upesi, inang'aa. Nikafungua mahali pa sauti ya baba. Patupu. Nikafungua kwingine, nako patupu.

"Fundi, vitu vyetu viko wapi?"

"Vitu gani tena? Nimepiga fomati, nimefuta yote, nimeweka windo mpya. Virusi vyote kwisha."

"Humu kulikuwa na sauti ya baba yangu!"

"Sasa dada, si ulisema safisha? Nimesafisha. Kwani mzee hawezi kurekodi tena?"

Kurekodi tena! Baba alikuwa amesimama pale pale, kitambaa kimefungwa shingoni. Alifungua kinywa, mishipa ikamtoka, ukatoka upepo mtupu. Nimeona watu wengi wakikasirika, lakini hasira iliyokosa pa kupitia niliiona siku ile tu. Nilitaka kumrarua yule kijana kwa kucha. Baba akanisukuma kando, akatoka nje, akaokota kipande cha mkaa kwenye jiko la muuza mahindi, akaandika kwenye mlango mweupe wa fundi kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi kubwa: SAFISHA YA MWENYEWE SI SAFISHA YA FUNDI.

Watu wakajaa. Aliyejua kusoma akamsomea asiyejua, na wengine wakairudia kama wanafunzi. Mahenge aliona biashara yake inaharibika. Akachukua kitambaa chenye maji, akausogelea mlango. Nikamdaka mkono.

"Na hilo nalo unataka kulisafisha?"

Nilisema kwa sauti ya baba yangu, ile ya zamani. Stendi nzima ilisikia. Yule kijana akakiacha kitambaa kianguke. Maandishi yalikaa pale mpaka mvua za masika, na kufikia hapo yalikuwa yameshahamia midomoni mwa watu.

Kompyuta tuliihangaisha kwa mafundi wengine hadi Iringa. Wakasema hiyo windo mpya imekalia pale pale ilipokuwa sauti, hakuna cha kurudisha. Siku ya sherehe baba alisimama mbele yangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, midomo yake ikacheza. Naamini aliyasema yote, maana alichukua muda mrefu, tena machozi yalikuwa yanamtoka. Mimi sikusikia hata neno moja.

Nimeolewa, nimezaa, mvi hizi mnaziona, na baba amekwisha kufa. Alichotaka kuniambia nikitoka nyumbani kwake sikijui na sitakijua. Msiniambie nisamehe, nimeshajaribu. Binti za watu walipewa baraka za baba zao wakaondoka nazo. Mimi, neno la baba nililobaki nalo tangu mwaka ule ni lile la mkaa mlangoni, hilo mnalolicheka: safisha ya mwenyewe si safisha ya fundi.