Miguu ya Rilei ya Mzee Mtewele

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote wa karakana kwamba kuanzia Jumatatu, majina ya vipande katika maktaba ya kompyuta yataandikwa kwa herufi kubwa pekee. Tangazo hilo lina mihuri miwili. Lilipobandikwa asubuhi ya leo, fundi mmoja alilisoma hadi mwisho, akasema, "Kilicholala chali hakihesabiwi miguu," kisha akarudi mezani pake. Ninyi vijana mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Chanzo chake ni hapahapa Njombe, na mambo yalikwenda hivi.

Karakana hii ilikuwa ikitengeneza bodi za sakiti zinazoongoza joto katika mashine za kutotolesha vifaranga. Mchoraji wake alikuwa Atupele Mgaya. Anayechora bodi kwenye kompyuta hachori kila kipande cha umeme upya. Huchukua katika maktaba mchoro wa miguu ya kipande, yaani ramani ya matundu ambamo miguu hiyo itaingia, akauweka mahali pake. Maktaba yetu ilitokana na michoro ya Mzee Mtewele, mwanzilishi wa karakana, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu. Desturi ilikuwa kwamba mchoro wenye jina lake hauhakikiwi. Desturi hiyo haikuandikwa popote, na pengine ndiyo sababu ilifuatwa kuliko kanuni zilizoandikwa.

Mama Nyagawa, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, aliagiza mashine sita. Bodi zilipowasili kutoka kiwandani zilikotumwa kuchapwa, kikundi kilikusanya mayai elfu moja na mia mbili. Kuku waliotaga walikuwa wamekwisha kuuzwa, kwa hiyo mayai hayo ndiyo yalikuwa mali yote iliyobaki. Yai la kutotolesha huvumilia kungoja takriban siku saba. Baada ya hapo, kila siku inayopita huondoka na vifaranga wake.

Siku ya sita tangu mayai yakusanywe mashine ziliwashwa, zikabaki baridi. Atupele alikagua lehemu zote asione kosa. Miguu yote ilikuwa imeingia katika matundu bila kulazimishwa. Hatimaye alisogeza kikombe cha chai ya moto karibu na kihisi joto, na hita ikawaka. Alipokiondoa, ikazimika. Mashine ilikuwa ikikipasha joto kilichokwisha kupata joto na kukiacha kilichopoa. Tabia hiyo si ngeni duniani, lakini mayai hayaivumilii.

Alishuku rilei, kipande kinachowasha na kuzima hita. Mchoro wake ulikuwa na jina la Mzee Mtewele, na haukuwahi kutumiwa kwenye bodi iliyochorwa kwa kompyuta. Siku ya saba akamwomba aje, na Mama Nyagawa alikuwa amekwisha kufika bila kuombwa.

"Shikamoo, Mzee. Nina swali kuhusu rilei."

"Marahaba, binti. Uliza, ila usiniulize kama mchoro ni sahihi. Nimeutumia miaka kumi na minane."

"Kwenye bodi ulizochora kwa mkono?"

"Enzi hizo ulitaka nichore kwa nini, kwa mguu?"

"Na miguu ya rilei uliihesabu vipi?"

Mzee aliitwaa rilei, akailaza chali mezani, miguu ikatazama dari. "Hivi. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nilikuwa nachora upande wa shaba, chini ya bodi, ambako miguu inatokeza. Kosa liko wapi?"

"Kwa upande huo halipo, Mzee. Lakini kompyuta huitazama bodi kutoka juu, rilei ikiwa imesimama. Aliyeuingiza mchoro wako kwenye kompyuta hakuugeuza, ndiyo maana mguu wa kuwasha umeingia tundu la mguu wa kuzima."

"Nani huyo?"

"Mimi. Niliona jina lako, nikaacha kupima."

Mzee aliigeuza rilei, akaisimamisha. Aliyesema ni Mama Nyagawa.

"Mimi ya kompyuta siyajui. Ila kuku akichechemea, simlazi chali ndipo niulize ni mguu upi. Ukimlaza, wa kulia unakuja kushoto, unafunga dawa mguu ulio mzima. Kilicholala chali hakihesabiwi miguu. Mmesoma wote wawili, hamkulijua hilo? Haya, mayai yangu je?"

"Zing'oe rilei," Mzee alimwambia Atupele. "Zipachike upande wa chini wa bodi. Huko kushoto kutarudi kushoto."

Kazi hiyo ilichukua siku nzima. Siku ya nane mashine zilipata joto na mayai yakaingia. Wiki tatu baadaye walitoka vifaranga mia saba na arobaini. Mama Nyagawa alisema kwamba wangewahi siku mbili angepata mia tisa, na hakuna aliyembishia.

Kabla ya kuondoka, Mzee alikiri kwamba si rilei peke yake aliyoilaza. Michoro yake katika maktaba ilikuwa mia mbili na kumi na mmoja, na hakukumbuka hata kipande kimoja alichokihesabu kikiwa kimesimama. Atupele akaandika barua kuomba wiki mbili za kuvisimamisha vipande vyote na kuvipima upya.

Kamati ya karakana ilikutana mara tatu. Ilitambua uzito wa suala hilo, ikampongeza Mzee Mtewele kwa utumishi wake, na ikaazimia kwamba maneno ya Mama Nyagawa yapigwe chapa na kutundikwa juu ya kila kompyuta: Kilicholala chali hakihesabiwi miguu. Ombi la wiki mbili liliahirishwa, kwa kuwa muda wa kikao ulikuwa umekwisha, na hadi tangazo la leo halijarudi mezani.