Bahasha Mbili za Mtowanda

Zamani hizo, kura ikiwa bado ya wanaume peke yao, Bi. Mosi, mshona kofia wa Mtowanda, alimwandikia mbunge wake, Mheshimiwa Makungu, kuomba wanawake nao wapige kura.

Jibu lilikuja na bahasha iliyopigwa lakiri. "Kura ni siri, na mwanamke hana kifua. Kaeni na bahasha hii mwezi mzima bila kuifungua, nami nitatia saini ombi lenu."

"Tumekubali," Bi. Mosi akamwandikia. "Nawe tuwekee bahasha hii yetu, isifunguliwe mpaka siku ya mkutano wa kutia saini ombi."

Mwezi ukaisha. Mheshimiwa akaingia ukumbini kanzu imenyooka, waridi jekundu kifuani, akiwachekea wanawake mmoja mmoja. Aliporudishiwa bahasha yake, akaigeuzageuza. Lakiri haikuwa na hata ufa.

"Nyie mafundi wa sindano," akasema. "Mmeifungua mkaifunga tena. Ombi tuliahirishe kwanza. Yenu hii hapa, nimeitunza, rudini nayo nyumbani."

"Ahsante, Mheshimiwa. Ngoja niwasomee watu kilichomo."

"Hakuna haja," akasema haraka, lakini Bi. Mosi alikwisha kuipasua.

"Tukipata kura," akasoma kwa sauti, "sisi wanawake wa Mtowanda tutamchagua mwanamume atakayekuja mkutanoni na waridi jekundu kifuani."

Ukumbi mzima ukamgeukia Mheshimiwa. Akalifunika waridi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaomba kalamu.