Soko Lililokaa kwenye Matete

Sogeeni karibu. Mwenye kazi ya kudumu na bima ya matibabu akae nyuma. Hadithi hii ina wenyewe.

Palikuwa na watu watatu katika mji mdogo chini ya milima ya Taita. Saru alijua kuchora jengo likakaa mahali pake kama mti ulioota hapo. Nyambu alijua mimea: mpe jani, atakuambia linakunywa maji kiasi gani. Na Mama Mkamburi, mwenyekiti wa wauza mboga, alijua watu. Akisema "tukae", soko zima linakaa.

Saru alikuwa na digrii mbili, ya usanifu wa majengo na ya ikolojia, na kila interview iliishia palepale. "So, wewe ni mtu wa nyumba ama mtu wa miti?" Akijibu "vyote viwili", wanatabasamu, wanafunga faili. Wa nyumba walimwona wa miti. Wa miti walimwona wa nyumba. Mamake alimwona wa kuosha vyombo.

Sasa, soko la mji lilikuwa bondeni. Kila masika maji yalishuka mlimani yakabeba nyanya na viti, na mwaka mmoja yakambeba mtoto wa muuza maharagwe. Alipatikana hai, amekwama kwenye uzio. Ndipo mji ukataka soko jipya.

Saru alichora soko lililoinuliwa juu ya nguzo, na upande wa mlimani bwawa la matete la kuyapokea maji na kuyapunguza kasi. Wiki hiyohiyo aliitwa Mombasa kuchora maghorofa. Akakataa.

"Una wazimu," mamake akasema. "Tena wazimu wenye digrii."

Lakini bwawa bila matete ni shimo tu. Nyambu aliyafuata mtoni, mzigo baada ya mzigo juu ya bodaboda yake, wenzake aliosoma nao chuoni wakimcheka: "Botanist, leo umebeba abiria wa kijani!" Aliyapanda akiwa majini hadi kiunoni. Akatoka na kichocho, akakojoa damu, akameza dawa, akarudi kumalizia.

Na Mama Mkamburi? Bwawa lilikula mahali pake pa kuuzia, pale kwenye kona wanapopita wateja wote. Alipaachilia. Kisha ikatangazwa kuwa Mheshimiwa anakuja kufungua soko, na kama kawaida yetu, mji ukashikwa na homa ya usafi. Mawe yakapakwa chokaa, mbuzi wakafukuzwa, na asubuhi ya ufunguzi vijana wa ofisi ya mji wakaja na mapanga kufyeka "hicho kichaka".

Saru akapiga kelele, akawaonyesha ramani.

"Madam, order ni order."

Mama Mkamburi akapandisha leso, akaingia kwenye tope, akaketi katikati ya matete. "Akina mama, tukae!" Wakakaa. "Haya, fyekeni, wanangu. Anzeni na shingo ya huyu aliyewalisha sukuma wiki tangu mko shule ya nasari."

Vijana wakaweka mapanga chini.

Mvua ikanyesha katikati ya hotuba ya Mheshimiwa. Maji yakaja na hasira zake zilezile, yakaingia kwenye matete, yakatulia kama mgeni aliyepewa chai. Sokoni hakuna aliyelowa hata kiatu, na vya Mheshimiwa vilikuwa vyeupe.

"Very impressive!" akasema. "Nina nafasi moja ya kudumu, ya kusimamia majengo na mazingira ya mji huu. Moja tu, budget ni budget. Hii ni kazi ya nani? Niambieni kabla sijamaliza soda."

Neno "mimi" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Saru. Miaka yote ile lilikuwa likingoja swali hili. Akageuka, akamwona Nyambu alivyokonda tangu ule ugonjwa. Akaiona leso ya Mama Mkamburi, tope halijakauka.

"Sema, mwanangu," Mama akanong'ona. "Ila ujue na mimi kona yangu imekwenda."

"Mimi sisemi kitu," Nyambu akasema. "Nangoja tu kusikia."

Bila mchoro, lile bonde lingebaki bonde la mafuriko. Bila matete, mchoro ungebaki karatasi. Bila wale akina mama topeni, vyote vingefyekwa kabla ya saa nne. Na mrija wa soda umeanza kukoroma.

Je, wewe ungemtaja nani? Na wale wawili wengine, kesho ukikutana nao ukinunua nyanya, ungewatazama vipi?