Bi Fuko na Zabuni ya Kisima

Paukwa!
Pakawa!
Nimefika!
Umefika na nini?
Na miguu inayouma na hadithi moja.
Miguu kaa nayo, hadithi tupe!

Haya, sogeeni. Nitasimulia nikiwa nimekaa, na sitarudia.

Hapo kale, katika Bonde la Chamkavu, jua liliwaka mpaka mawe yakatamani kivuli. Mto ulikauka, likabaki dimbwi moja tu, na ndani ya dimbwi hilo alikaa Bwana Kiboko. Tumbo lake lilijaza nusu ya dimbwi. Nusu iliyobaki alisema ni ya kujigeuzia. Mnyama akija kunywa, Kiboko hufunua kinywa, bwee! Mnyama anapiga funda moja, anakimbia.

Kwa hiyo kila kiangazi Baraza la Wanyama lilitangaza zabuni ya kuchimba kisima. Anayetaka kazi aandike barua kwenye jani la mgomba, aipeleke kwa Bi Karani, yule ndege wa miguu mirefu mwenye manyoya kisogoni kama kalamu. Bi Karani huzisoma barua mbele ya wote, Baraza huchagua. Atakayetoa maji hupewa mteremko wa viazi, ale yeye na wanawe mpaka kiangazi kingine.

Basi palikuwa na Bi Fuko, mjane mwenye watoto watano. Ukubwa wake ngumi moja. Macho yake kama mbegu za mchicha, hayaoni mbali, hata kuandika aliandika kwa kupapasa. Lakini kuchimba! Bonde zima hakuna aliyemfikia.

Mwaka wa kwanza Bi Fuko aliandika: "Mimi Fuko. Nina kucha kali. Nachimba vizuri. Naomba kazi."

Bwana Kiboko akaandika: "Mimi Kiboko. Mimi mkubwa. Baba yangu alikuwa mkubwa. Babu yangu alikuwa mkubwa zaidi."

Baraza likasikiliza hii, likasikiliza ile, likasema, "Tukikosea, afadhali tukosee na mkubwa." Kiboko akashinda.

Kesho yake akaja mlangoni kwa Fuko. "We Fuko! Toka ukachimbe."

"Kwani kazi si yako, bwana mkubwa?"

"Kazi yangu, kucha zako. Nitakupa maganda."

Fuko aliwatazama wanawe. Tumbo halijui fahari. "Haya," akasema. Akaenda kuchimba. Akachimba, akachimba, akachimba, huku akiimba kwa sauti ndogo:

Kwaru kwaru, ardhi funguka,
kucha zaisha, kiu yazuka,
kwaru kwaru, ardhi funguka.

Maji yakatoka. Kiboko akala viazi, Fuko akala maganda.

Masika yakaja, mafuriko yakakijaza kisima mchanga. Kiangazi kikarudi, zabuni ikatangazwa. Mwaka wa pili, barua ileile, majibu yaleyale, maganda yaleyale. Kucha za Fuko zikalika zikawa butu. Mtoto wake mdogo akakonda mpaka shingo ikashindwa kubeba kichwa.

Mwaka wa tatu Bi Fuko akasema, "Hapana." Akatembea, akapumzika, akatembea, mpaka kwa Bi Karani.

"Bi Karani, kisima nachimba mimi. Mbona zabuni siipati?"

Bi Karani alishusha pumzi ndefu. Miaka kumi na saba alikuwa anasoma barua za watu wanaojisifu. "Barua yako inaanza na nani?"

"Inaanza na mimi."

"Ya Kiboko je?"

"Inaanza na yeye."

"Basi mwajisifu nyote wawili, na kwa kujisifu mkubwa hashindwi. Unadhani Baraza lina haja na kucha zako? Baraza lina kiu! Anza na kiu yao. Sema maji utayatoa wapi na siku ya ngapi. Kisha sema yasipotoka, utatoa nini kilicho chako. Hiyo ndiyo dhamana. Watu humwamini anayeweka rehani cha kwake."

Fuko akaandika. Bi Karani akasoma, akachana, charaa! "Bado kucha zimo. Tena."

Fuko akaandika. Bi Karani akasoma, akachana, charaa! "Huyu mwenye kiu hana jina wala mtoto. Nani atamwonea huruma? Tena."

Fuko akaandika. Bi Karani akasoma, akachana, charaa! "Umesema 'karibuni'. Karibuni si siku. Tena."

Siku ya sita Fuko alileta jani la mwisho lililobaki kwenye mgomba wake. Bi Karani alisoma kimya. Hakuchana. "Hii," akasema, "naweza kuisikiliza mpaka mwisho. Nami nakwambia, mwaka huu Baraza limeapa kupima barua, si matumbo."

Habari hazina miguu lakini hutembea. Kabla Fuko hajafika nyumbani, Kiboko alishamtangulia mlangoni.

"Nimesikia umejua kuandika. Niandikie."

"Nami nina yangu, bwana mkubwa."

"Ziwe mbili. Yangu iwe tamu zaidi. Hutaki, nitakaa hapahapa mlangoni pako." Akakaa kidogo, kumwonyesha tu. Puu! Udongo ukaporomoka, watoto ndani wakapiga kelele.

"Inuka! Inuka, nitaandika!"

Bi Fuko akaketi na mwiba wake wa kuandikia na jani alilotupiwa na Kiboko, akaandika kutwa. Alikusudia kuandika ovyo, lakini mkono uliokwisha kufundishwa haukubali. Kila neno lilikaa mahali pake. Ikawa nzuri kuliko ile yake. Alipoipapasa akaona uchungu, machozi yakamtoka, kwa kuwa barua bora aliyowahi kuandika itasomwa kwa jina la mwingine. Akapangusa jani, akaendelea.

Akafika penye dhamana. Mwiba ukasimama.

"Huyu," akajiuliza, "ana nini cha kwake cha kuweka rehani?"

Akafikiri. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akaandika mistari ya mwisho.

Akaipeleka dimbwini. "Nikusomee, bwana mkubwa?"

"Nisomee."

"'Waheshimiwa wa Baraza, ndama wenu wanalala na ndimi kavu.'"

"Mimi niko wapi?"

"Uko mbele, bwana mkubwa. 'Mama Pundamilia hutembea nusu siku kutafuta funda moja, na akirudi maziwa yamekauka.'"

"Mimi niko wapi?"

"Mbele, bwana mkubwa."

Kiu ya wengine ilimchosha Kiboko. Macho yakalegea. Khoro, khoro, khoro. Fuko hakunyamaza. Alisoma kwa sauti mpaka neno la mwisho, hakuruka hata moja. Halafu akamgusa pua.

"Nimetajwa?" Kiboko akazinduka.

"Mwishoni, bwana mkubwa. Na hakuna aliyewahi kutajwa namna hiyo."

Kiboko akainua mguu wenye matope, akaugandamiza kwenye jani. Pu! Hiyo ndiyo sahihi yake.

Siku ya Baraza, pale kando ya dimbwi, Bi Karani alianza na barua ya Fuko. Wanyama wakatikisa vichwa kukubali: nzuri, ina siku, nayo ni ya tisa, ina dhamana, ameweka nyumba yake. Kisha akasoma ya Kiboko. Alipofika kwa Mama Pundamilia, Mama Pundamilia mwenyewe alilia. Alipofika mwisho, Bi Karani alipaza sauti:

"'Kazi hii nitaifanya kwa kinywa changu na miguu yangu, bila kumtuma yeyote. Siku ya tisa maji yatatoka. Dhamana yangu ni dimbwi langu. Leo hii natoka, wanywe wenye kiu. Nikishindwa na kisima, nisirudi majini mpaka masika.'"

Kiboko alifunua kinywa. Safari hii hakuna aliyekimbia.

"Bwana Kiboko," Bi Karani akauliza, "barua ni yako?"

Kiboko alitazama alama ya mguu. Ilikuwa yake, na matope yalikuwa ya dimbwini kwake. Halafu akasikia wanyama wakipiga kelele, "Kiboko! Kiboko!" Tangu azaliwe, jina lake lilikuwa likitajwa kwa kukimbia. Leo lilitajwa kwa kupendwa. Moyo ukalainika kwa mara ya kwanza, tena kwa wakati mbaya kabisa.

"Yangu," akasema.

Akatoka dimbwini, chubwii! Ndama wakaingia.

Siku ya kwanza Kiboko alichimba kwa kinywa, akameza udongo. Siku ya pili alichimba kwa miguu, pu, pu, pu, ardhi ikazidi kushindiliwa. Siku ya tatu jua likampasua ngozi, akaburura mwili mpaka kwa Fuko.

"Bi Fuko, dada yangu, njoo unichimbie. Nitakupa viazi, si maganda."

Fuko alisimama mlangoni. Kusema kweli, alimhurumia. Ngozi ilikuwa nyekundu, na sauti imekuwa ndogo kama ya ndama. "Barua inasema kwa kinywa chako mwenyewe, bwana mkubwa. Nikija, nitakuwa nimekuvunjia ahadi."

"Aliyeandika ahadi ni nani?"

"Niliandika mimi. Nikakusomea. Ukalala."

Siku ya nne Kiboko alikwenda kwa Bi Karani akasema, "Nimeshindwa." Hakumtaja Fuko. Akaenda kulala kwenye matope makavu, mbali na maji, kusubiri masika. Zabuni ikamwangukia aliyefuata, na aliyefuata alikuwa Bi Fuko.

Wanyama wakashangilia, wakamrusha juu, wakamdaka, kisha kila mmoja akaenda kwake. Fuko akabaki peke yake na ardhi. Akaipapasa. Kiboko alikuwa ameishindilia ikawa ngumu kama tofali. Siku zilizobaki kwenye ahadi ni tano.

"Haya," akasema. Akachimba, akachimba, akachimba.

Kwaru kwaru, ardhi funguka,
kucha zaisha, kiu yazuka,
kwaru kwaru, ardhi funguka.

Siku ya tisa, chiriri! Maji yakachomoza, machafu kwanza, halafu meupe. Fuko hakuruka wala hakucheza. Alikaa chini akayasikiliza yakipita.

Wanawe walihamia mteremko wa viazi. Yule mdogo alikula kimoja, akala cha pili, akalala na cha tatu kinywani. Fuko naye alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa kuuma kiazi cha kwanza kizima maishani mwake, aliposikia hodi.

Alikuwa Ngiri, na jani la mgomba. "Bi Fuko, niandikie barua ya kuomba njia." Nyuma ya Ngiri, Nungunungu na jani lake. Nyuma ya Nungunungu, Mbuni na majani mawili. Mstari ulishuka mteremko mpaka chini, na wote wakasema kwa pamoja, "Iwe tamu kama ile ya Kiboko."

Bi Fuko aliwatazama kwa macho yake ya mbegu za mchicha. "Rudini kesho," akasema. Akauma kiazi.

Na hadithi yangu imekaa chini hapo, haiinuki. Iliyokuwa tamu, ilambeni. Iliyokuwa chungu, niachieni, nimezoea.

Mwataka funzo? Funzo ni hili, wanangu: msijifunze kuandika hata siku moja. Asiyejua hufanya kazi moja, ajuaye hufanya ya kila mtu. Na ukisomewa karatasi ndefu inayohusu shida za wengine, usijisumbue kusikiliza. Lala, kisha weka mguu. Bwana Kiboko alifanya hivyo, akapendwa na bonde zima kwa siku nne.